Mafuta ya Karanga Aliyowekewa Mgeni

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja aliyejua kukamua karanga. Wengi wetu tunanunua mafuta dukani. Yeye alizikaanga karanga zake, akazitwanga mpaka zikalainika, kisha akazikanda kwa maji ya moto, kidogo kidogo, mpaka mafuta yakaelea juu. Msimu ule alipata chupa moja tu. Ukiungia mchicha kwa mafuta yale, jirani anakuja kuuliza unapika nini. Ukikaangia kuku, basi tena.

Mama huyu aliishi na mama mkwe wake, bibi kizee asiye na meno. Bibi alikaa uani kwenye kigoda, akimenya karanga. Hata zile zilizotoa mafuta ya chupa ile alizimenya yeye.

Siku moja wakati wa kula akasema, "Mwanangu, nidondoshee mafuta kidogo kwenye mboga. Ugali unanikwama kooni."

"Vumilia, mama. Haya ni ya mgeni. Mchungaji akija, nitamkaangia kuku kwa mafuta gani?"

Bibi akachovya tonge lake kwenye maji ya mchicha.

Msimlaumu mama huyu haraka. Nani kati yetu hana vyombo kabatini ambavyo watoto wake hawaruhusiwi kuvigusa? Na mchungaji naye, mnatujua sisi wachungaji tulivyo, aliahidi akaahirisha, mara semina, mara mvua. Chupa ikakaa dirishani juani, ambapo mgeni angeiona akiingia. Bibi akaomba tena, akajibiwa vile vile. Baadaye aliacha kuomba. Akawa anakula kidogo, kisha kidogo zaidi. Karanga mpya zikavunwa, naye akaendelea kumenya.

Hatimaye mchungaji akaja. Alikuja kumzika bibi.

Mama yule akafungua chupa, akamimina mafuta kwenye kikaango. Wanawake waliokuja kusaidia kupika msibani wakatazamana. Mmoja akaonja kwa ncha ya kidole, akatema.

"Dada, haya yamechacha. Kayamwage."

"Niliyaweka kwa ajili ya mgeni," mama akasema taratibu.

"Si mngeyala wenyewe yakiwa mazuri?"

Mama alikuwa akitazama kigoda uani, na maganda ya karanga chini yake, ambayo hakuna aliyekuwa ameyafagia.

Na sisi je? Tunakodi maturubai, tunachinja ng'ombe, tunashika kipaza sauti na kulia kwa ajili ya mtu ambaye tulimnyima kijiko kimoja. Maneno matamu tumeyafungia chupani, tunamngoja nani? Mzazi wako yuko uani. Mkeo yuko jikoni. Hao hawajawa wageni bado, ndiyo maana tunawaambia wavumilie.

Mimi nitapita kwenu wiki hii, na safari hii siahirishi. Nipeni chai ya rangi, inanitosha. Mafuta mtilieni yule mtakayemkuta nyumbani leo mchana, kwenye mboga yake.