Kofia ya Kiboko ya Maua Mia

Watoto, kuna fumbo lililonishinda hadi leo: kwa nini mwenye kichwa kikubwa kuliko wote ndiye hutaka kofia kwa bei ndogo kuliko zote? Nimewauliza wengi. Hakuna aliyenijibu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa kofia, Bi Kindi alikuwa mdarizi. Alitoboa kitambaa kwa sindano, kisha akalizungushia kila tobo uzi, chwi, chwi, chwi, mpaka ua likachanua.

Siku moja Kiboko akaja, tii! tii! tii!

"Bi Kindi, naoa mwezi ujao. Nataka kofia ya maua mia."

"Hongera, bwana. Vikapu kumi vya karanga."

"Ala! Kumi? Kitambaa na uzi havifiki hata kikapu kimoja!"

"Na siku zangu thelathini?"

"Siku gani? Wewe si unakaa tu! Chukua kikapu kimoja. Harusini wataiona, utapata wateja."

Kindi akawatazama wanawe watatu. Masika yalikaribia, na ghala lilikuwa tupu. Hasira zikampanda hadi mkia ukasimama wima. Hata hivyo akacheka.

"Haya, kikapu kimoja. Mkono wangu bure. Ila kofia ya bei hiyo naishonea juu ya kichwa cha mwenyewe. Wewe utakaa tu."

"Kukaa tu? Hilo nalo neno!"

Kesho yake Kiboko akaketi uani, Kindi juu ya kichwa chake. Chwi, chwi.

"Usitikisike! Ua litapinda."

Jua likawaka. Kiboko akausikia mto ukipita kule chini, baridi.

"Bado?"

"Bado maua tisini na saba."

Siku ya pili ngozi ikakakamaa. Siku ya tatu ikapasuka, naye akanguruma hadi majirani wakatoka.

"Jamani, siku zangu! Siku tatu sijaoga! Nani atanilipa siku zangu?"

Kindi akamwinamia sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Siku gani? Wewe si unakaa tu!"

Kicheko kikalipuka, kwa kwa kwa! Kiboko akainamisha kichwa. Sisemi alikuwa mbaya. Hakuwahi kukaa pale kabla.

Mashavu, mchumba wake, alikuwa amekuja kumtafuta, na habari ya kikapu kimoja alikwisha kuisikia kwa majirani. Yeye hakucheka.

"Yaani unanioa na kofia ya dhuluma? Watoto wa mwenzio wale maua?"

"Mashavu, mimi nilidhani..."

"Inuka!"

Anayelipia uzi na kuziacha siku, siku hizo ameziiba.

Basi wanyama wote wakaamua palepale uani: bei ya kofia ni kitambaa, uzi na siku; itajwe kabla sindano haijagusa kitambaa, na nusu itolewe papo hapo. Aliyetekeleza ni Mashavu. Alibeba vikapu vitano kutoka ghala la Kiboko, akavitua mlangoni kwa Kindi, puu! Na kofia ilipokamilika, akaleta vitano vingine.