Daftari la Kipanga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sijasikia! Jana midomo ilikuwa mipana, leo imepatwa na nini? Paukwa!"

"Pakawaaa, Bibi!"

"Macho?"

"Yaone!"

"Ulimi?"

"Ulale!"

Ehee. Ungelala jana, korongo wa bondeni angekuwa na mayai yake matatu. Leo hana hata moja. Yule bwana wa darubini aliuliza kwa upole, nanyi mkampeleka mpaka kiotani, mbio, kama mnaitwa kula pilau! Nina hasira nanyi. Kaeni mnisikilize.

Zamani mvua zilikosea njia. Mabwawa yakakauka, ndege wakahama. Wa bondeni wakapanda milimani, wa kusini wakaja kaskazini. Basi kila nchi ikapata mkubwa wa kuwaandika wageni, na kila mkubwa akapata daftari. Kwetu aliandika Kipanga.

"Nataka kuwalinda," alisema. "Ukimwona ndege mgeni, njoo uniambie."

Mbayuwayu, kadogo kale, kanazunguka bara zima kila mwaka. Nani kama yeye kwa kuona? Akaruka, pururu, pururu, akatua.

"Mzee, nimemwona heroe, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu, peke yake."

"Mti gani? Tawi gani? Analala saa ngapi?"

"Hakai mtini, mzee. Yuko kwenye matope, chini ya mwamba. Hulala jua likizama."

"Ahsante, mwanangu."

Asubuhi Mbayuwayu akapita mwambani. Manyoya tu.

Akaruka tena, pururu, pururu.

"Mzee, nimemwona ndege aitwaye kwembe, wa kwanza kufika huku milimani."

"Mti gani? Tawi gani? Analala saa ngapi?"

Akasema. Asubuhi, manyoya tu.

Siku hiyo Mbayuwayu alilia kwa hasira. "Daftari gani hili linalotaka kujua mtu analala saa ngapi? Mimi ndiye niliyewaua. Kucha zake, ulimi wangu!"

Akamkuta Korongo kwenye matete ya mlimani, amelalia yai moja.

"Dada, usiniandikishe," Korongo akamwambia. "Wenzangu wote wameishia njiani. Nimebaki mimi na hili yai."

"Wallahi sisemi."

Lakini Kunguru naye ana mdomo, mnamjua. Kipanga akamwita Mbayuwayu.

"Nasikia kuna korongo. Mti gani? Ukinificha, nakuandika wewe!"

Mbayuwayu akacheka. "Korongo, mzee? Mbona ndege wa kawaida huyo! Mimi ninaye ambaye ng'ambo ya jangwa hawajawahi kumwona. Atafika huko siku ya saba."

"Yukoje?"

"Kucha nyeusi, jicho la manjano, tumbo limeshiba mpaka linaning'inia."

Mate yakamdondoka Kipanga. "Mti gani? Tawi gani? Analala saa ngapi?"

"Mkuyu mkavu kando ya ziwa. Tawi la juu. Jua likizama."

Kipanga hakuaga mtu. Akaruka, vuu, vuu, vuu, siku sita juu ya mchanga. Siku ya saba akauona mkuyu, akatua tawi la juu, akajibanza kumvizia mgeni.

Mbayuwayu alikwishatangulia. Huko mwandishi ni Tai.

"Mzee, ameonekana ndege mgeni."

"Mti gani?" akauliza Tai. Wote shule moja! "Tawi gani? Analala saa ngapi?"

"Mkuyu mkavu. Tawi la juu. Jua likizama."

Jua likaanza kuzama. Kipanga akageuza shingo huku, akageuza kule.

"We Mbayuwayu! Mbona simwoni?"

"Jitazame, mzee. Huku kwao mgeni ni wewe."

Nyaka! Kucha za Tai zikamkamata mgongoni.

"Niache! Mimi ndiye mwenye daftari!"

"Lako liko kwenu," akasema Tai. "Hili ni langu."

Asubuhi, manyoya tu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Mbayuwayu akarudi, akatua kwenye matete. Akasikia ko, ko, ko. Yai likapasuka, kikatoka kitoto, shingo ndefu, kinalia njaa. Korongo akaangua kilio. Mbayuwayu naye.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Iliyemchoma aondoke nayo. Na funzo lake, wanangu: mkubwa akikuuliza, mwambie kweli yote, mti, tawi na saa. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mbayuwayu alidanganya wapi? Nionyesheni!

Basi yule bwana wa darubini akirudi kesho, msimfiche. Atarudi tu, aliyeonja haachi. Mwambieni yuko ndege adimu kuliko korongo. Mti gani?

"Mgunga wa Mzee Mwakio!"

"Tawi gani?"

"Lenye mzinga wa nyuki!"

"Saa ngapi?"

"Saa sita, jua kali!"

"Na aingize mkono upi?"

"Yote miwili, Bibi!"