Jina Lililobaki Kwenye Laptopu

Wapendwa, haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo. Nilikalia ndoo ya rangi mlangoni pa steshenari, nasubiri kopi ya kitambulisho changu, na kila kitu nikakiona kwa macho haya ambayo daktari mwenyewe aliyasifia. Shule sikuimaliza, mnajua, lakini kuona naona.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye steshenari. Alinunua laptopu iliyokwisha kutumika, akamwambia fundi, "Futa kila kitu cha huyo aliyekuwa nayo, uniwekee mfumo mpya." Fundi akafuta, akaweka. Lakini kila ilipowashwa, kabla ya lolote, laptopu iliandika majina mawili kwenye kioo: juu mfumo wa zamani, chini mfumo mpya. Ikauliza, twende wapi? Mama asipowahi kubonyeza la chini, inakwenda yenyewe kwenye la juu. Na huko juu hakuna kitu, kimeshafutwa! Kioo kinabaki cheusi tii, kama sufuria ya msibani.

Umeme wa pale unakatika ovyo, na betri ya laptopu ilishakufa. Umeme ukirudi, mama yuko kwenye mashine ya kopi, laptopu inajiamulia. Akigeuka, giza. Mitihani ya shule inasubiri kuchapwa, walimu wanaguna. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda duka la pili, na mwenye duka hilo, mdomo anao, akapaza sauti: "Jirani, mashine yako imerogwa! Itupe, uuze nyanya!"

Mama akamjibu, "Nyanya utauza wewe. Hii siitupi. Mfumo mpya upo na unafanya kazi, kilichobaki ni jina tu. Jina ndilo linitoe dukani?"

Mnamsikia huyo mama?

Akamwita fundi tena. Fundi akafuta diski nzima, kazi zote za mama zikaenda na maji, akapiga mfumo upya. Akawasha. Jina lile lile! Akakasirika, akafuta tena. Jina! Akakunja mikono ya shati. "Mama, hili dubwana halijatubu vizuri. Ngoja nilifute kwa nguvu."

Mama akamshika mkono. "Wee kaka, hebu kwanza. Unafuta nini kama kila kitu kilishafutika? Hiyo diski imekukosea nini?"

Fundi akacheka kwa dharau. Ili amnyamazishe, akaichomoa ile diski, akachomeka nyingine mpya, ametoka kuifungua kwenye pakiti, haijawahi kuonja mfumo wowote. Akawasha. Wapendwa! Jina la zamani likatokea juu pale pale, limetulia kama baba mwenye nyumba.

Dharau ikamtoka. Akakaa. "Kumbe haliko kwenye diski," akasema taratibu. "Liko kwenye ubao wa mashine, huu mkubwa wa ndani unaobeba vyote. Diski yako ni safi tangu siku ya kwanza, mama. Mashine ndiyo inayokumbuka."

Akarudisha diski ya mama, akaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, ule ukurasa unaofunguka kabla mfumo haujaamka, akalikuta jina, akalifuta. Akawasha. Laptopu ikaenda moja kwa moja kwenye mfumo mpya, haikumuuliza mtu. Pale mlangoni watu wakapiga makofi, mpaka yule wa duka la pili akavuka barabara, akapiga na yeye.

Mmecheka. Mnamcheka fundi anayesugua diski iliyo safi. Sasa nyamazeni kidogo.

Kuna ndugu yetu Zefania, amekaa kule nyuma karibu na mlango, mahali tulipomzoesha kukaa. Aliiba mabati ya kanisa hili. Aliiba, sipambi. Akafungwa, akatoka, akarudi, akapanda juu kuezeka upande ule kwa mikono yake. Akasimama hapa mbele akatubu. Tukasema haitoshi, akasimama tena. Juzi nilipendekeza atunze ufunguo wa kanisa, baraza la wazee likaniletea jibu: atubu kwanza upya. Na humu ndani tunamwitaje? Mabati! Mkewe, mke wa Mabati. Binti yake, ambaye hata alikuwa hajazaliwa mabati yalipoibwa, mtoto wa Mabati.

Zefania, simama.

Hapana! Kaa. Umesimama vya kutosha.

Jamani, diski ni safi. Aliyeifuta si fundi wa pale barabarani, ni Mungu, na Mungu akishafuta harudii kazi. Basi hilo jina liko wapi? Nauliza, liko wapi? Liko kwetu. Sisi ndio ubao. Tukiachwa kidogo tu bila kufikiri, tunakwenda wenyewe kwenye jina la juu, kwenye mtu ambaye hayupo tena, halafu tunalalamika kanisa lina giza. Kama kuna wa kuja mbele leo kutubu, ni sisi, na tukianza kupanga foleni itafika sokoni.

Wazee, mnanitazama vibaya, nawaona. Nitazameni. Mkitaka kuninyang'anya uinjilisti, ninyang'anyeni kesho, leo bado ninao. Ufunguo huu hapa mkononi. Zefania, njoo uuchukue. Usipite pembeni, pita katikati.

Na kwa kuwa nimesimama madhabahuni, nisishuke na uongo mdomoni. Mengine yote niliyaona, ila yale makofi niliyatunga. Jina lilipofutika hakupiga mtu. Walichukua makaratasi yao wakaenda zao, na mpaka leo wapo wanaosema mashine ya yule mama imerogwa. Makofi ni yangu mimi.

Haya, huyo anakuja. Msiniache niwe mwongo.