Fisi Aliyedai Kuwa Fisi Maji

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakijenga, palikuwa na kijiji juu ya ziwa, vibanda vyake vimesimama kwenye nguzo. Ukame ukaja, samaki wakaadimika, wanakijiji wakaona bora wavue wageni. Na kumbe mgeni hunasa upesi kuliko perege. Wageni walitoka mbali kuja kumtazama Fisi Maji, mama wa watoto wawili, akizama chini ya kibanda chake na kuibuka na kambale mdomoni. Kwa kazi hiyo alipewa kibanda cha mbele, na kila walipokuja wageni aliandaliwa sinia la nyama. Watoto wake hawakulala njaa.

Harufu ya sinia ikamfikia Fisi huko nchi kavu. Akaenda mbio kwa Kobe, mzee wa kijiji, kudai haki yake.

"Mzee, mimi ni fisi, sivyo? Na hapa ni majini. Sasa kile kijitu chembamba chenye masharubu kimepata wapi jina la ukoo wetu?"

Kobe alifikiri mpaka jua likapinda, akaona hoja ina uzito. Isitoshe, Fisi alikuwa na kiwiliwili, na wageni hupenda kitu cha kuonekana. Fisi Maji akatolewa kibandani pamoja na wanawe, wakahamia kwenye matete. Kuzama alizaliwa nako, leo anaitwa mwizi wa jina lake! Alitaka kwenda kupigana, lakini Sungura, mpokea wageni, akamzuia.

"Dada, jina mwachie," akamwambia. "Ila mwachie na kazi yake."

Wageni waliofuata walikuwa Simba na watu wake. Fisi alifagia sinia, akalamba na vidole, kisha akajinyoosha alale. Sungura akatangaza kwa sauti tamu kwamba sasa mwenye kibanda atazama. Fisi akasema ana mafua. Sungura akasikitika mno, akamwomba Simba radhi, kwani huenda bwana huyu hazami mbele ya wageni wa hadhi ndogo.

Manyoya ya Simba yakasimama. "Atazama," alisema, "au nitamzamisha."

Fisi akajirusha, macho kafumba. Kichwa kikanasa kwenye tope baina ya nguzo, miguu ikabaki juu ikipiga hewa. Wageni wakashangilia, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Aliyejua kuwa huyo anakufa ni Fisi Maji peke yake, kule kwenye matete. Alitamani amwache. Hata hivyo akazama, akamkwamua kwa kumng'ata sikio, akamburuta mpaka ngazini, na kwa mazoea tu akaibuka na kambale kwapani.

Simba akauliza huyo ni nani. Kobe akajikuna gamba.

"Huyo ndiye fisi maji, Mheshimiwa."

"Na huyu?"

"Huyu ni fisi aliyelowa," akajibu Sungura.

Fisi Maji akarudishiwa kibanda chake na sinia lake. Fisi hakungoja kuaga, maana Simba aliupenda ule mchezo wa miguu na alitaka urudiwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.