Mbuzi wa Jina la Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii yetu ya chaki na ubao, palikuwa na shule juu milimani Upare. Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Msechu. Vitabu vilikuwa haba, picha hakuna, ila watoto walikuwa tele. Basi Msechu akawafanya watoto ndio vitabu. Siku ya kufundisha kulinganisha, aliwasimamisha watatu mbele ya darasa, akawaonyesha kwa fimbo mmoja mmoja. "Tol! Tola! Tolesti!" Darasa likaitikia. Kisha akaita wengine. "Shot! Shota! Shotesti!" Na fimbo ikaishia kwa Nakijwa, mfupi kuliko wote.

Warefu walibadilika, maana watoto hukua; leo huyu, kesho yule. Mfupi hakubadilika. Darasa la nne alikuwa Nakijwa, la tano Nakijwa, la sita Nakijwa. Hata mkaguzi alipokuja, Nakijwa alisimama palepale, mkaguzi akacheka mpaka akafuta macho, na Msechu akasifiwa kwa ufundishaji wake. Na nisiwafiche: huyo Nakijwa ndiye aliyeongoza darasa kwa masomo. Kwa hilo hakuna aliyemsimamisha.

Nakijwa alikuwa na rafiki wa chanda na pete, Namkunda. Siku moja wanachota maji, Namkunda akaita, "Shotesti, nitwike ndoo!" Wasichana wote wakacheka. Nakijwa naye akacheka. Hata jioni haijafika, jina lilishapanda mlima na kushuka.

Nakijwa akamwendea mama yake, aliyekuwa uani akipura maharage. Akalia. Mama akamwambia, "Mwanangu, jina halivunji mfupa." Jumapili wakaja wageni, na mama akaita huku akitabasamu, "Shotesti wangu, waletee wageni maji!" Nakijwa akaleta maji, akawapa kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Kesho yake hakwenda shule. Wala siku iliyofuata. Naye yuko darasa la saba, mtihani wa mwisho uko mlangoni.

Akabembelezwa, akakataa. Akasema, "Nitarudi jina langu likisafishwa."

Kijiji kile kina desturi yake. Aliyelichafua jina la mtu huleta mbuzi, akamchinja mbele ya watu, kisha akaliita kwa sauti lile jina la haki. Tangu siku hiyo lile la dhihaka haliitwi tena. Lakini mbuzi ni mmoja na wa kumleta ni mmoja. Wakimleta watu watatu, wenyeji husema, kosa limegawanywa kama nyama, kila mtu ameondoka na kipande kidogo, na jina limebaki chafu vilevile.

Basi Msechu, Namkunda na mama wakaitwa mkutanoni, na mtihani ni kesho. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Mbonea, akasema, "Simameni mbele watu wawaone."

Msechu akaanza. "Mama Mwenyekiti, mimi nilifundisha. Picha sikuwa nazo, nilikuwa na watoto. Na jina hilo sijamwita hata siku moja. Nje ya darasa mimi nilimwita Nakijwa."

Watu wakasema, kweli. Mmoja akasema, "Lakini miaka yote hiyo, Mwalimu? Hukuweza kupanga hata vijiti, vifupi na virefu?"

Namkunda akasema, "Mimi nilitania tu, jamani. Neno lilitoka kwa Mwalimu, mimi nililifikisha kisimani. Na yeye mwenyewe alicheka! Angenuna, ningeacha."

Watu wakasema, kweli. Nakijwa akasema polepole, "Nilicheka ili usiwe mbali nami." Namkunda akaanza kulia.

Mama akasema, "Mimi ni mzazi, nilitaka kulitoa sumu. Nilidhani jina la kejeli akiliita mama linageuka la mapenzi. Na kabla yangu kijiji kizima kilishaliita."

Watu wakasema, hata hilo ni kweli. Nakijwa akamtazama mama yake. "Mama, nyumbani ndiko nilikokuwa nimebaki na jina langu."

Mama Mbonea akasema, "Nakijwa, mwanangu, uliyeumia ni wewe. Inuka uwapange. Mwenye kosa kubwa, mwenye kubwa zaidi, na mwenye kubwa kuliko wote. Huyo wa mwisho atoe mbuzi."

Nakijwa akainuka. Akamwona Mwalimu hajui aweke wapi mikono. Akamwona Namkunda anatazama vidole vya miguu. Akamwona mama yake anasokota pindo la kanga. Moyo ukamuuma, maana kusimama kule anakujua.

Akasema, "Mama Mwenyekiti, shikamoo. Hapo walipo napajua. Mimi sipangi watu." Akaketi.

Basi mkutano ukakwama. Bila mbuzi, jina halisafishwi; jina lisiposafishwa, Nakijwa haendi kwenye mtihani, na shule imeishia hapo. Yeye amekataa kupanga. Kazi nawaachia ninyi mlioketi hapa, maana sisi wote kupanga watu tunakujua sana. Yupo Msechu aliyemsimamisha, yupo Namkunda aliyelitembeza jina, yupo mama aliyelifungulia mlango. Semeni, na mseme upesi, maana kengele ya mtihani inalia asubuhi. Je, nani alistahili kumleta mbuzi?