Chungu cha Sangiwa

Makande hayaivi kwa kelele.

Mmeisikia leo mkutanoni, mlipokuwa mkirukiana kwa maneno juu ya nani aliyeacha lango la shule wazi hadi mbuzi wakamaliza miche. Mwenyekiti akaitamka, mkanywea kama moto uliomwagiwa maji, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Wengi huidhani ni methali ya jikoni tu. Sivyo. Ilizaliwa siku ya msiba, hapa hapa Kisambeni, mbele ya maiti ambayo haijazikwa na kijana aliyefungwa kamba. Sogezeni viti. Chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo maji ya Kisambeni yalikuwa na mlinzi. Usiku kucha kijito cha mlimani kilijaza ndiva, lile bwawa la mawe na udongo mnaloliona juu ya kanisa. Alfajiri mlinzi alizibua tundu lake kwa mti mrefu, maji yakashuka mferejini mpaka shambani kwa mwenye zamu. Leo kwako, kesho kwa jirani yako. Kuugusa mti ule siku isiyo yako kulikuwa aibu kuliko kuiba kuku. Mlinzi mwenyewe alikuwa Mzee Mkwizu, mtu mkavu asiyejua upendeleo. Msaidizi wake aliitwa Sangiwa, mgane aliyelima tangawizi na kusifika kwa mapishi kuliko wanawake wengi.

Chini ya kanisa aliishi mjane jina lake Naetwe, na mwanawe wa pekee, Kadeghe. Kadeghe alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Wiki ile hakufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, na Mzee Mkwizu akamkata nusu ya zamu yake kama sheria ilivyotaka. Jumanne jioni Kadeghe akamfuata mzee njiani, watu wakisikia.

"Ipo siku utalala humo humo ndani ya ndiva yako!" akafoka.

"Na siku hiyo nayo utakuwa hujafika kwenye msaragambo," mzee akamjibu, akaenda zake. Watu wakacheka. Naetwe hakucheka. Alimjua mwanawe: maneno yake yalikuwa moshi mtupu. Lakini moshi nao huwaonyesha watu njia ya kuja kwako.

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa umelala kijijini, mtu haoni kilicho hatua kumi mbele yake. Kadeghe alipanda ndiva kuifuata nusu yake ya maji, akamkuta Mzee Mkwizu amelala ukingoni, kichwa kimepasuliwa, ule mti wa kuzibulia uko kando yake una damu. Akamwinua, akamlaza mapajani, akapiga yowe. Waliofika walimkuta na damu mpaka viwikoni, wakakumbuka maneno ya jana. Hawakuuliza la pili.

Naetwe alipofika, maiti na ule mti vilikuwa vimeshushwa kanisani, na mwanawe amefungwa kwenye nguzo ya kengele.

"Mama, sikumgusa! Nilimkuta hivyo!"

"Nyamaza, mwanangu," Naetwe akasema. "Mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha."

Kilichomtisha hasa kilikuja saa tatu. Sangiwa alitokea upande wa barabara ya tambarare, kikapu cha samaki wakavu begani. Watu walimwona akishuka bondeni Jumatatu, naye alikuwa ameaga kwamba angerudi Jumatano. Alipita kwake kutua mzigo, kisha akaja mbio, akajitupa chini karibu na maiti.

"Usiku wote nimelala tambarare! Tangu alfajiri napanda mlima, nakuja kumkuta mkubwa wangu ameuawa kama mbwa!" Alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Na ninyi mnamtazama tu muuaji? Mtelemsheni gengeni, akavunjikie kule chini! Na nyumba ya mama yake ing'olewe leo hii, tusibaki na mbegu ya damu kijijini!"

Umati ukanguruma. Wapo waliokwisha kuchukua mashoka kwa ajili ya nguzo za nyumba ya Naetwe.

Hapo ndipo alipofika Konstebo Mrutu, akiikokota baiskeli yake, suruali imekunjwa, akiamkia wazee mmoja mmoja. Kisambeni nzima ilikuwa na askari huyo mmoja, na watu walimwita Afande Baadaye, kwa sababu kila ulichomwambia alikijibu hivyo. Alikuwa mnene, mpole, mpenda kula, na bado hajaoa.

"Shikamooni wazee. Poleni na msiba. Huyu kijana amekunywa chai?"

"Chai!" Sangiwa akapaza sauti. "Afande, muuaji huyu hapa! Mwandike tumalize!"

"Nitamwandika, mzee wangu. Baadaye." Alivua koti lake, akamfunika marehemu. Alipiga magoti akautazama ule mti, kisha akakaa juu ya jiwe na kuuliza maswali ambayo kwa Naetwe yalikuwa ya kipuuzi. Nani alilisikia yowe kwanza? Mlikimbilia kwa nani?

"Tulikimbilia kwa Sangiwa, yeye ndiye msaidizi," kijana mmoja akajibu. "Tukakuta kufuli mlangoni. Tukakumbuka kuwa yuko tambarare."

"Ahaa," alisema konstebo, akapiga mwayo.

Wazee wenye mashoka wakamkabili. "Afande, tunakuheshimu. Lakini jua likifika utosini hujamaliza, haya mambo tutayamaliza wenyewe."

"Saa sita ni mbali," konstebo akasema. "Mzee Sangiwa, wewe ulikuwa mkono wa kulia wa marehemu. Twende kwako nikaandike maelezo. Hapa baridi itanilia wino."

Sangiwa alisita kidogo. Lakini mlimani kwetu humwambii mgeni asije kwako, hata akiwa askari. Wakaondoka. Naetwe akafuata nyuma bila kualikwa, kwa kuwa uhai wa mwanawe ulikuwa mkononi mwa mtu yule mvivu, na hakutaka kumpoteza machoni hata kwa hatua moja.

Sangiwa alipofungua mlango, harufu ya mahindi na maharage iliwalaki kama shangazi aliyewakosa siku nyingi. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, magogo mawili mazito yamekaribia kwisha. Juu ya meko, kwenye dari lililokolea masizi, vishada vya mahindi vilining'inia.

"Mzee Sangiwa!" Konstebo alifumba macho. "Makande! Nami tangu jana nina uji tumboni tu."

Hapo tena desturi ilimbana Sangiwa. Chungu kikinukia, mgeni halali njaa. Akapakua. Konstebo akaimaliza sahani ya kwanza, akanyoosha mkono akaongezewa ya pili. Naetwe alisimama mlangoni akimtazama. Mwanangu yuko kwenye kamba, aliwaza, na huyu anatafuna!

"Umetoka safari, na tayari umepika," konstebo akasema. "Kwa nini mimi sipati mke anayepika kama wewe?"

Sangiwa akacheka kidogo, cheko la mpishi aliyesifiwa. "Mgane hangoji mpishi, afande. Nilipotua kikapu tu nikainjika, ndipo nikaja kwenu kule."

"Mwenyewe?"

"Nani mwingine? Ufunguo ninao mimi."

"Mama Kadeghe," konstebo akaita, "njoo uonje."

"Mimi?" Naetwe akalipuka. "Siku kama hii nile? Wewe tumbo lako lina macho, afande, lakini moyo wako ni kipofu!"

Konstebo hakukasirika. Akamsogezea kijiko. "Mama, mimi najua kula, kupika sijui. Kuna kitu ulimi wangu umeniambia na sina hakika nacho. Wewe ndiye fundi. Nisaidie."

Kuna namna ya upole inayomshinda hata mwenye hasira. Naetwe akakitwaa kijiko, akaonja. Mahindi yalipasuka ulimini yenyewe. Maharage yalikuwa yamekwisha kuwa rojo. Akachota tena, akaitoa punje moja, akaigeuza kidoleni: ganda lake lilikuwa juu yake, halijakobolewa, na lilikuwa na wekundu wa moshi. Akainua macho kwenye dari. Vishada vile vya mwaka jana, vikavu kama kokoto. Yeye mwenyewe alikuwa navyo nyumbani. Akitaka kuvila mchana, huinjika jogoo wa kwanza anapowika.

"Sasa ni saa ngapi, afande?" akauliza polepole.

"Saa tano na nusu."

"Naye alifika saa tatu."

"Hivyo ndivyo alivyosema."

Naetwe alivua kanga yake ya pili, akaikunja kuwa kata, akakiipua chungu mafigani, akajitwika. Kilikuwa cha moto. Hakukisikia.

"Unakwenda wapi na chungu changu?" Sangiwa akapiga kelele.

"Mwache," konstebo akasema, akiinuka na kumshika mkono kirafiki, ila hakumwachia. "Twende sote."

Naetwe alipita katikati ya mashoka kama bibi harusi, akakitua chungu mbele ya wanawake waliokuwa wakiomboleza. "Akina mama, onjeni. Haya ni mahindi ya dari, na hayakukobolewa. Mwenye chungu anasema aliinjika saa tatu leo asubuhi. Semeni ninyi!"

Wanawake wakatazamana. Bibi Nakunda, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko kengele ya kanisa, akaonja kwanza, akatafuna kwa meno yake manne. Kisha akacheka, siku ile ya msiba.

"Saa tatu? Kwa meno haya ningekuwa nimekufa! Haya yameinjikwa mbingu ikiwa bado nyeusi."

"Nilitia magadi!" Sangiwa akafoka. "Magadi huivisha upesi!"

"Magadi?" Mwanamke wa pili akachota. "Magadi yangeyatia maharage weusi, nayo ulimi hauyakosi. Hapa hakuna hata chembe."

"Nilitumia kuni za mkaratusi, zina moto mkali!"

"Mwanangu," alisema Bibi Nakunda, "hata ungechoma msitu mzima."

Wakaja wengine, kijiko hiki na kijiko kile, na kila aliyeonja alitikisa kichwa na kurudi nyuma, akimtazama Sangiwa kwa jicho jipya. Sangiwa alizidi kupaza sauti. Aliwaita wanawake wajinga, akamwita Naetwe mama wa muuaji, akapiga kelele mpaka povu likamtoka, na watu walioitikia kelele zake asubuhi wakaanza kuzisikia kwa mara ya kwanza.

Konstebo Mrutu akangoja mpaka pumzi zikamwishia yule mtu. Kisha akasema taratibu, kama anayemwonea huruma:

"Mzee Sangiwa, makande hayaivi kwa kelele. Yanaiva kwa moto na saa zake. Moto wako ulikuwa unawaka wakati unasema uko tambarare. Ulikuwa hapa. Mlango uliufunga kwa kufuli, chungu ukakisahau. Sasa tukatazame tangawizi yako. Leo, jana na juzi haikuwa zamu yako."

Hakukuwa na haja ya kwenda mbali. Vijana walikimbia, wakarudi na tope magotini. Matuta ya Sangiwa yalikuwa yamelowa mpaka mzizini.

Ndipo Sangiwa akakaa chini palepale, akasema yote. Tangawizi yake ilikuwa inakauka. Alirudi Jumanne usiku kwa njia ya kichakani, ukungu ukimficha, akainjika makande kama afanyavyo kila aendaye shamba alfajiri, akaenda kuiba maji. Mzee Mkwizu akamkuta na mti mkononi. "Alisema atanitaja mbele ya msaragambo," Sangiwa akanong'ona. "Wote mngeniona mwizi." Kwa kukimbia aibu ya mwizi, akawa muuaji. Baada ya pigo aliliziba tundu, akakitwaa kikapu alichokificha kichakani, akashuka gengeni, akaja kuipanda barabara mbele ya macho ya watu.

Kamba zilezile zilikatwa kwa mashoka yaleyale. Kadeghe alipoachiwa hakukimbia. Alikwenda akapiga magoti penye koti la konstebo, akamwomba marehemu radhi kwa maneno ya jana, akilia waziwazi mbele ya vijana wenzake. Kisha akamgeukia mama yake, naye Naetwe akampiga kofi moja zuri la shavuni, halafu akamkumbatia mpaka akashindwa kupumua. Hapo akina mama wakapasuka vigelegele. Wazee wakawatazama, wakakumbuka ni msiba, wakaona hata Mzee Mkwizu, mpenda haki, asingelikataza hilo. Wakapiga makofi.

Konstebo Mrutu alikuwa amekiinamia chungu. Kilikuwa kitupu, kimefutwa kama kilichooshwa.

"Jamani!" akalalamika. "Hiki kilikuwa kielelezo cha mahakamani!"

"Kielelezo ni sisi," Bibi Nakunda akamjibu. "Tuite wote kumi na wanane. Tutasema jinsi kilivyoiva."

Na waliitwa, wakashuka wilayani na kanga zao nzuri, wakasema, wakaaminiwa.

Mlinzi mpya wa ndiva alipotafutwa, jina lilikuwa moja tu. Hakujapata kuwa na mwanamke kwenye kazi ile. Asubuhi ya kwanza Naetwe alipoushika mti, wanaume sita walimzunguka, kila mmoja akidai zamu ni yake, wakipaza sauti juu ya sauti. Yeye akaulaza mti magotini, akakaa juu ya jiwe, akawatazama mmoja mmoja mpaka maneno yakawaishia vinywani na kila mtu akabaki akimsikia mwenzake akipumua. Ndipo akasema, akitabasamu:

"Anzeni upya, mmoja mmoja. Makande hayaivi kwa kelele."