Meno Mapya ya Mzee Shekue

Ufizi haungoji jino. Mnacheka? Chekeni, maana nyinyi meno yenu bado mnayo. Lakini mkitaka kujua neno hilo limetoka wapi, lilianza Pangani, kinywani mwa Mzee Shekue, na wala hakulisema kwa mzaha.

Kwa miaka ishirini na minane Shekue ndiye aliyefungua Maulidi pale msikitini kwao. Hakuwa na shamba wala duka la kujivunia. Alikuwa na sauti yake na ule mto wa kijani anaokalia msomaji, basi. Meno ya mbele yalipoanza kuoza na kulegea, herufi zikawa zinamtoka na upepo. Mwaka mmoja watoto wakacheka katikati ya kisomo. Wazee wa msikiti wakamwambia mwakani asome sawasawa, la sivyo kisomo watampa Mbwarahaji, mwanafunzi wake mwenyewe.

Akakubali kung'oa. Daktari wa meno kule Tanga alimpima kinywa mapema, meno ya bandia yakatengenezwa, na siku moja kabla ya Maulidi akamng'oa yale mabovu na kumvika mapya papo hapo.

"Mzee, usiyatoe mpaka kesho asubuhi nikutazame," daktari akamwambia. "Ukiyatoa leo, ufizi utavimba, na hayataingia tena."

Shekue akarudi nyumbani, mdomo unamuuma, moyo mweupe. Akamsomea mkewe, Bi Mwanakombo, mstari mmoja tu, na herufi zikatoka safi kabisa. Mama wa watu akalia kwa furaha.

Ikafika Alasiri. Shekue akachukua birika atie udhu, na kwenye kusukutua akasita.

"Maji hayafiki, na humu kuna damu," akasema. "Nayatoa mara moja tu."

"We, Baba Saumu! Daktari kakuambiaje?"

"Daktari anajua meno. Udhu naujua mimi. Miaka yote hii sijatia udhu nusunusu, nije nianze leo, na kesho nikamsomee Mtume?"

"Mungu hakulazimishi linalokuumiza. Muulize hata sheikh kwanza!"

"Mara moja tu, mke wangu."

Akayatoa. Akasukutua mara tatu, akaswali kwa utulivu, akaongeza na dua. Aliporudi kuyavaa, hayakuingia. Akasukuma mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi uso ulikuwa umemvimba, na daktari akatikisa kichwa: mpaka uvimbe uishe.

Siku ya Maulidi Shekue alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu, kanzu imepigwa pasi, mdomo kaufunika kwa shali. Mbwarahaji akasoma. Akasoma vizuri, tena vizuri sana, na hilo lilimuuma Shekue kuliko ufizi.

Baada ya miezi michache meno yakarekebishwa, yakakaa. Maulidi ya mwaka uliofuata Shekue akaingia msikitini kichwa juu, akamkuta Mbwarahaji kwenye mto wa kijani. Kijana akainuka kwa adabu ampishe mwalimu wake.

"Kaa, Mbwarahaji," wazee wakasema. "Mzee wetu apumzike."

Shekue akarudi nyumbani kabla kisomo hakijaanza.

"Kulikoni?" Bi Mwanakombo akauliza.

Shekue akavua yale meno, mazuri, meupe, akayaweka kwenye bilauri ya maji, na humo yakabaki mpaka siku alipozikwa.

"Niliyatoa mara moja tu, Mwanakombo," akasema. "Ufizi haungoji jino."